Damu Haiuzwi, Lakini Chuma Chake Nani Atakitoa? Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa, pamoja nanyi nyote mnaopanga kitita cha mafao cha Bima ya Afya kwa Wote,

Nawaandikia nikiwa mzazi wa kijana mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, anayeishi kwa damu ya watu wengine. Alipata kiharusi akiwa darasa la kwanza, na tangu hapo huongezewa damu kila mwezi. Waliomchangia siwajui kwa sura, ila kila ninapoona rangi imerudi midomoni mwake nawaombea heri. Kwa hiyo msiisome barua hii kama malalamiko dhidi ya damu. Nataka tuzungumze juu ya kile kinachobaki mwilini baada ya damu hiyo kumaliza kazi yake, kwa sababu naona kama hakuna ofisi inayokihesabu kuwa ni chake.

Kila chupa ya chembe nyekundu ina kati ya miligramu 200 na 250 za madini ya chuma. Hicho ndicho kinachoiwezesha damu kubeba oksijeni, hivyo hakuna namna ya kukitoa kabla mgonjwa hajawekewa. Chembe hizo zikifika mwisho wa maisha yake mwili huzivunja, na chuma chake kinabaki ndani. Mwanadamu hakuumbiwa njia ya kukitoa chuma kilichozidi, si kwa mkojo wala kwa jasho. Kinachopotea ni miligramu 1 au 2 kwa siku, pamoja na ngozi inayobanduka na utando wa utumbo, na chakula cha kawaida hurudisha kiasi hicho hicho. Ni tangi lenye bomba la kuingiza maji, lisilo na bomba la kutolea.

Mtu mzima mwenye afya njema ana gramu 3 hadi 4 za chuma katika mwili wake wote. Mtoto anayeongezewa chupa 1 kila mwezi huingiziwa gramu 2.4 hadi 3 kwa mwaka mmoja. Zidisheni kwa miaka mitano, kisha mtazame mwili wa mtoto wa kilo 25.

Sikusomea udaktari. Haya nimeyapata kwa kuuliza na kusoma, na daktari bingwa yeyote wa magonjwa ya damu aliye chini yenu atawathibitishia.

Nchi yetu, Tanzania, ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotumika ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Wengi wao hawahitaji damu kila mwezi. Wanaoihitaji hasa ni wale waliopata kiharusi, na wale ambao kipimo cha mishipa ya kichwani kimeonyesha damu inapita kwa kasi ya hatari. Mwaka 1998 utafiti uliofanyika Amerika ya Kaskazini kwa watoto 130 wa kundi hili la pili ulionyesha kuwa kuongezewa damu kwa mpangilio kunapunguza hatari ya kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Watafiti wakajiuliza: je, baada ya muda tunaweza kuacha? Jibu likaja mwaka 2005. Utafiti uliokuwa ukijaribu kuwaachisha watoto damu ilibidi usimamishwe mapema, kwani hatari ilikuwa inawarudia. Ndiyo maana nasema mapema kabisa, asije mtu akasoma barua hii akatoka na wazo la kuwapunguzia watoto hawa damu ili chuma kisijae. Mtoto wa aina hii ukimnyima damu unamrudisha kwenye kiharusi. Ukimpa damu bila kumtoa chuma, unamwokoa ubongo huku ini lake linaharibika.

Lipo kundi jingine kubwa ambalo halimo kwenye mpango wowote. Ni watoto na vijana wanaoongezewa damu chupa moja moja: leo kwa sababu ya malaria, mwakani kwa sababu damu imejaa kwenye bandama, baadaye kwa krisisi, yaani shambulio la ghafla la ugonjwa, iliyoshusha damu. Chupa ya kwanza hospitali ya wilaya, ya pili hospitali ya misheni, ya tatu mkoa mwingine kwa bibi wakati wa likizo. Hakuna anayejumlisha. Mama hukumbuka mbili tatu za mwisho, faili limepotea, daktari mpya anaanza upya. Madaktari huanza kuwa na wasiwasi na chuma mtu anapofikisha chupa kati ya 10 na 20, na vijana wetu wengi huvuka hapo bila mtu kujua kwamba wamevuka.

Jambo hili linarekebishika kwa gharama ndogo sana. Kadi ya kliniki ya selimundu iwe na ukurasa wa damu: tarehe, hospitali, ujazo, jumla hadi leo. Mfumo wa GoT-HoMIS, ule wa kompyuta wa hospitali za serikali, uwe na nafasi ya jumla hiyo, na ikifika 10 uandike kwenye kioo cha daktari kwamba mgonjwa huyu apimwe chuma. Mpango wa Taifa wa Damu Salama unafuatilia kila chupa kutoka kwa mchangiaji hadi hospitalini, na unafanya vizuri. Naomba ufuatiliaji huo usiishie mlangoni mwa wodi.

Chuma kikizidi hukaa wapi? Protini inayokibeba kwenye damu ikijaa, kinachobaki huzurura bila kufungwa na kitu na kuunguza viungo. Ini ndilo hupokea mwanzo, likaanza kuota makovu hadi kusinyaa. Kongosho likivamiwa, mtoto anapata kisukari. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ikivamiwa, kimo kinasimama na balehe inachelewa. Selimundu yenyewe huchelewesha balehe, na hapo ndipo chuma kinapopata pa kujificha, maana kila mtu anasema "ni ugonjwa wake tu huo." Kwa wenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ambayo kwetu ipo zaidi katika familia zenye asili ya Asia na Uarabuni, moyo ndio ulikuwa ukiwaua katika ujana. Kwenye selimundu moyo huguswa kwa nadra zaidi, lakini hauko salama daima.

Haya yote hutokea bila maumivu. Watoto wetu wanajua kulia kwa mifupa. Tumezoea kilio hicho na tunajua la kufanya. Chuma hakimlizi mtoto usiku. Kinakaa kimya miaka mingi, na dalili zikionekana, kiungo kimeshaharibika.

Niliwahi kumuuliza mama mwenzangu kwenye benchi la kliniki kama mwanawe amepimwa chuma. Akanitazama kwa mshangao. "Chuma gani tena, dada? Si ndicho anachokosa, ndiyo maana anaongezewa damu?" Hakukosea kwa uzembe. Maisha yake yote, tangu kliniki ya ujauzito, ameambiwa kwamba damu ikipungua unakunywa vidonge vya madini ya chuma. Hakuna aliyemweleza kwamba mtoto wa selimundu hapungukiwi damu kwa kukosa chuma. Chembe zake huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, wakati za mtu mwingine huishi siku kama 120, na chuma cha zile zilizovunjika kimo mle mle mwilini. Anachohitaji kila siku ni foliki asidi. Hata hivyo nimeshaona watoto walioongezewa damu mara nyingi wakitoka dirisha la dawa na vidonge vya chuma mkononi, kwa sababu cheti kimeandikwa "upungufu wa damu" na basi. Wapo watoto wa selimundu wanaokosa chuma kweli, hasa ambao hawajawahi kuongezewa. Atakayewatenganisha ni kipimo, na kipimo ndicho kisichopatikana. Waraka mmoja kutoka Wizarani kwenda kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya ungewakinga watoto wengi, na hauhitaji bajeti.

Kipimo chenyewe kinaitwa feritini. Ni damu kidogo tu ya mkononi, na mgonjwa aliye kwenye mpango wa damu anapaswa kupimwa kila miezi mitatu. Ikipita nanogramu 1,000 kwa mililita na ikabaki hapo, mazungumzo ya dawa yaanze. Isipimwe mtoto akiwa kwenye krisisi au ana homa, kwa sababu uvimbe na maambukizi huipandisha na kumdanganya daktari. Ndiyo sababu mfululizo wa majibu una maana kuliko jibu moja. Lakini mfululizo utautoa wapi, ikiwa leo kitendanishi (dawa ya maabara ya kupimia) kipo, robo mwaka ijayo hakipo, na katikati mzazi anapelekwa maabara binafsi yenye mashine nyingine? Mimi nimelipa huko, na majibu ya kijana wangu yametoka katika maabara tofauti tofauti hadi daktari wake akakosa la kulinganisha na lipi. Naomba kila hospitali ya rufaa ya mkoa yenye kliniki ya selimundu iwe na kitendanishi cha feritini mwaka mzima.

Kwa hospitali za kanda na ya taifa, ninaomba zaidi kidogo. Mashine za MRI tunazo, na mmezinunua kwa fedha nyingi. Mashine ya namna hiyo inaweza kupima chuma kilichomo ndani ya ini na moyo bila kumchoma mtu sindano ya kuchukua kinyama. Panahitajika programu inayofaa, usawazishaji wa mashine na mtaalamu wa mionzi aliyefundishwa kusoma picha hizo. Kwa Uingereza, mbinu hii ilipoanza kutumika kwa moyo karibu na mwaka 2000, pamoja na dawa bora, vifo vya wagonjwa wa thalasemia vilivyotokana na chuma kuzidi vilishuka kwa asilimia 71 katika miaka michache iliyofuata. Ugonjwa ni ule ule uliokuwa ukiwaua wakiwa vijana. Kilichobadilika ni kwamba waliweza kuona chuma kilipo na kukifuata.

Sasa dawa. Ziko tatu, na zote hufanya kazi moja: kukikamata chuma na kukitoa kwa mkojo au choo. Ya zamani ni deferoksamini, inayotumika tangu miaka ya 1960. Ni nzuri, ila haimezwi. Huingizwa taratibu chini ya ngozi kwa kipampu kidogo, saa 8 hadi 12 kila usiku, usiku 5 hadi 7 kwa wiki. Mwambieni mtoto wa miaka tisa alale na sindano tumboni maisha yake yote, kisha mtaelewa kwa nini wengi huiacha hata kwenye nchi zenye uwezo. Ya pili, deferiproni, ni vidonge vya mara tatu kwa siku. Inasifika kwa kuulinda moyo, lakini inaweza kuangusha chembe nyeupe ghafla, hivyo damu ihesabiwe kila wiki mwanzoni. Ya tatu ni deferasiroksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, mara moja kwa siku. Viwanda vya India vinaitengeneza kwa majina mengi na kwa bei iliyo chini sana ya ile ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani linazitambua deferoksamini na deferasiroksi katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa nchi kama yetu, hii ya kumeza mara moja ndiyo ya kuegemea.

Kwenye familia zetu dawa hii hupatikana hivi: mtu ana ndugu anayekwenda India kutibiwa, anatumiwa hela, anarudi na maboksi. Au kuna mfanyabiashara fulani, namba yake inazunguka kwenye makundi ya simu ya wazazi. Boksi la mwezi mmoja linazidi kodi ya nyumba ninayoishi. Wasioweza kununua la mwezi hununua la wiki mbili na kumpa mtoto siku moja, wakaruka moja. Nawaelewa, na ninawaogopea, kwa sababu deferasiroksi si ya kunywa kwa kubahatisha. Dozi yake inafuata kilo za mtoto na hali ya figo zake. Kreatinini (kipimo cha figo) na vimeng'enya vya ini vipimwe kabla ya kuanza, kisha kila mwezi. Masikio na macho yaangaliwe kila mwaka. Mtoto akiharisha, akitapika au akikaukiwa na maji, dawa husimamishwa mpaka figo zijulikane ziko salama. Nani atamwambia mzazi haya, mfanyabiashara wa kwenye simu? Naamini kuna watoto watakaoumizwa figo na dawa iliyokusudiwa kuwaokoa ini, na hawataandikwa popote, kwa kuwa hakuna kliniki iliyowaandikia dawa hiyo.

Hapa ndipo penye ombi langu kuu. Muache kuihesabu tiba ya chuma kama huduma ya pembeni, anayoitafuta mzazi akijaliwa. Iwe sehemu ya kuongezewa damu. Sera ya nchi ni kwamba damu haiuzwi, na tunaishukuru. Basi mgonjwa aliye kwenye mpango wa damu, mstari wake katika kitita uandikwe ukiwa mzima: chupa ya damu, feritini kila miezi mitatu, deferasiroksi anapoihitaji, na vipimo vya figo na ini vinavyoilinda. Asiidhinishiwe kimoja na kunyimwa kingine. Asiambiwe kwenye kaunta kwamba kadi yake inagharamia damu lakini dawa akanunue nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imewapa nafasi ya kuliandika jambo hili vizuri tangu mwanzo, kabla desturi mbaya haijaota mizizi.

Najua swali la fedha litakuja. Saiprasi, kisiwa kidogo chenye thalasemia nyingi, ilikabiliwa nalo miaka ya 1970. Serikali yake ikapanga mambo yote kwa pamoja: uchunguzi kabla ya ndoa ili wazaliwe wagonjwa wachache, damu kwa waliopo, na dawa ya kutoa chuma. Wagonjwa ambao wangezikwa wakiwa na miaka ya ujana wamefika uzeeni, wamefanya kazi na kulea watoto. Mtoto tunayemwachia chuma leo hatutamkwepa baadaye. Atarudi akihitaji insulini, au ini lake limeshindwa kazi, na wakati huo gharama yake haitakuwa ya vidonge. Hata upandikizaji wa uloto (uboho wa mifupa) ambao mmeuanzisha pale hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, jambo lililotupa matumaini makubwa, huwa na hatari zaidi kwa mtoto ambaye ini lake limeshajaa chuma.

Na fedha zinaweza kuokolewa kwa kupunguza haja ya damu kwenyewe, pale inapowezekana. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya selimundu, inafanya hivyo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 kutoka Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ulionyesha watoto waliopewa dawa hiyo waliongezewa damu kwa kiwango kilichopungua kwa zaidi ya nusu, na malaria pia ikapungua. Mwanza nako, hospitali ya Bugando, dawa hiyo imefanyiwa utafiti kama kinga ya kiharusi. Baadhi ya watoto walio kwenye damu kwa ajili ya mishipa ya kichwani tu, bila kuwahi kupata kiharusi, wanaweza baada ya muda kuhamishiwa haidroksiyurea chini ya uangalizi, na chuma chao kikapunguzwa kwa kuwatoa damu kidogo kidogo, bila dawa nyingine yoyote. Kwa waliokwisha kupata kiharusi, kama kijana wangu, njia hiyo ilijaribiwa na utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2012, ukasitishwa mapema, na viharusi vilitokea upande wa waliohamishwa. Hawa wabaki kwenye damu, na kwao dawa ya kutoa chuma ndiyo ya kutegemea.

Kuna pia kubadilisha damu kwa mkono, yaani kumtoa mgonjwa kiasi cha damu yake kabla ya kumwekea mpya. Chuma kinachobaki kinakuwa kidogo sana kuliko cha kuongezea tu. Kunahitaji damu zaidi na wauguzi waliofundishwa, lakini hakuhitaji mashine. Wauguzi wetu wana mikono hiyo. Wapeni mafunzo na muda.

Kwa Bohari ya Dawa nina neno mahususi. Naambiwa dawa isiyoombwa haiwezi kununuliwa, na hospitali haziombi kwa kuwa hazijui zina wagonjwa wangapi. Basi kabla ya maoteo (makadirio ya mahitaji ya dawa) ya mwaka ujao wa fedha kufungwa, Wizara iziandikie kliniki zote za selimundu zilete idadi mbili tu: wagonjwa walioongezewa chupa 10 au zaidi, na wagonjwa ambao feritini yao imepita 1,000. Kliniki isiyo na feritini ilete ile ya kwanza. Kutokana na hizo mtajua muagize maboksi mangapi, na ya vidonge vya uzito gani, kwa kuwa watoto wa kilo 15 hawatumii kidonge cha mtu mzima. Agizo la kwanza hata likiwa la wale wanaoongezewa kila mwezi pekee, tutalipokea. Wazazi tuko tayari kusaidia kuhesabu. Kadi za watoto wetu tunazo nyumbani, kwenye mifuko ya plastiki, pamoja na stakabadhi zote.

Wenu,
Mzazi wa kijana mwenye selimundu

Nakala: Mpango wa Taifa wa Damu Salama, waganga wafawidhi wa hospitali za rufaa za mikoa na kanda.